Misuli Haiulizi Nia

Ijumaa jioni, Gisimenti hunukia nyama ya mbuzi iliyo juu ya makaa. Ni mtaa wa Remera unaochelewa kulala, na mwenyeji hapa hupimwa kwa brosheti (mishikaki) anazoagiza. Tuko Rwanda, nchi ambayo salamu ya heshima ni kumtakia mtu ng'ombe, na tangu 2006 kaya maskini zimegawiwa ng'ombe kupitia mpango wa Girinka. Mtu wa miaka 48 akiketi kati ya wenzake na kuomba brosheti za tofu, watamwuliza kama anaumwa.

Swali hilo lina haki ya kujibiwa. Kuanzia miaka ya thelathini mwili hupoteza misuli, takribani asilimia 3 hadi 8 kwa kila miaka kumi, na baada ya 60 kasi huongezeka. Hasara hiyo haina kelele: mizani yaweza kusoma kilo zilezile huku mafuta yakichukua nafasi ya nyama ya paja. Ndiyo maana siwezi kumcheka anayetaka mwili uliokazwa utu uzima ukiwa umeingia. Wengine watamwona anautafuta ujana. Mimi namwona anajiandaa kuinuka kitini akiwa na miaka 80 bila kushikwa mkono.

Lakini kwa mimea pekee? Wanyarwanda ni miongoni mwa watu wanaokula maharage mengi zaidi duniani, na mapaja yanayosukuma baiskeli zenye mikungu ya ndizi kupanda vilima vyetu yamejengwa na sufuria ya maharage. Ushahidi huo hutia moyo, ila usitupumbaze. Uchunguzi wa kitaifa wa 2019–20 ulikuta asilimia 33 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, katika nchi hiihii ya maharage. Maradhi na maji machafu yamo katika sababu, na pia sahani isiyobadilika mwaka mzima. Mwili haujui kwamba huyu hakula nyama kwa kukosa na yule kwa kuamua. Misuli haiulizi nia, inapokea kilicholetwa.

Basi aliyeamua ana wajibu wa kujua anacholeta. Anayeinua vyuma katika umri huu anashauriwa protini gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni kati ya gramu 84 na 112 kwa siku, ilhali gramu 100 za maharage yaliyopikwa zina 8 au 9 tu. Melanje ya mchana, ile sahani yetu ya wali, viazi, ndizi, makaroni, dodo na kijiko cha maharage, hushibisha bila kufikia hapo, hasa ukiondoa kile kipande cha nyama cha juu. Lazima uwiano ugeuke: maharage yawe mlima na wali uwe kando, karanga ziingie kwenye isombe (kisamvu), soya ije kama tofu au ndani ya uji wa sosoma pamoja na mtama na mahindi. Nafaka ina upungufu wa laisini, ambayo maharage yanayo tele. Vitamini B12 haimo katika mimea. Anayeacha nyama, mayai na maziwa hana budi kumeza kidonge au kula chakula kilichoongezewa. Hapo sioni nafasi ya kubishana. Tena vyakula vyote hivyo bila mzigo wa kuinua havitajenga kitu: msuli hukua kwa kudaiwa kazi.

Haya yote ni hesabu, na hesabu haina maadili. Hilo ndilo lililonivuta kuandika. Kama nia haionekani kwenye bega wala tumboni, inakaa wapi? Nadhani inakaa katika uhuru wenyewe wa kuchagua na namna tunavyoubeba mbele ya wasionao. Mama wa kijijini anayekula maharage mara mbili kwa siku hajakataa kitu. Kumpita nikiwa na sahani kama yake huku nikijihesabu msafi zaidi ni dhuluma. Nguvu niliyoipata kwa kuchagua ina maana pale inapomfikia mtu mwingine: kwenye jembe la umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, au chini ya mkono wa mzazi anayepanda ngazi.

Pagumu zaidi ni ukweni, siku mbuzi amechinjwa kwa ajili yako. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga, na kukataa mbele ya watu ni kumwacha mwenyeji na jeraha. Wapo wanaoonja kidogo kwa heshima, siwalaumu. Mimi naona wajibu huanza siku kadhaa kabla, kwa simu kwa mama mkwe, kumwomba kwa upole asichinje, na kumwambia kwamba maharage yake ndiyo unayoyatamani. Kisha ufike na njaa ya kweli, uyale mbele yake, uongeze.