Saa 24 za Kifungu cha 49
Kwenye matatu ya Thika Road hakosekani mtu wa kuapa, simu mkononi, kwamba polisi wakikuzuilia zaidi ya saa 24, lazima wakuachilie. Habari hiyo kaipata WhatsApp. Hebu fungua tovuti ya Kenya Law, hailipishwi, usome Katiba ya 2010, Kifungu cha 49. Saa 24 zimo, ndiyo, lakini ni za kukufikisha kortini. Ila zikiisha nje ya saa za korti, au siku isiyo ya korti, unafikishwa siku ya korti inayofuata. Ukikamatwa Ijumaa jioni, basi, huenda ukangoja Jumatatu. Inauma, lakini ndivyo ilivyoandikwa. Kifungu hicho hicho kinakupa haki ya kunyamaza, ya kuwasiliana na wakili, na ya kuelezwa sababu ya kukamatwa kwa lugha unayoielewa. Hayo mbona hayasambazwi?