Ng'ombe Wamekwisha: Je, Mume Amebaki?



Ukipita katika vituo vya biashara vya kaskazini mwa nchi yetu, katika Samburu, Isiolo au Marsabit, utaona jambo la kusikitisha. Saa nne ya asubuhi wanaume wenye nguvu zao wameketi chini ya mti, fimbo ya kuchungia magotini, na hakuna cha kuchunga. Wakati huo huo wake zao wako njiani. Huyu ana mzigo wa kuni mgongoni, yule ana gunia la makaa, mwingine anatembeza shanga akitafuta mnunuzi.

Tusiwaite wanaume hao wavivu. Wengi wao walikuwa wafugaji hodari. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa mwaka 2022, misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha. Katika Kenya peke yake mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Mtu aliyekuwa na ng'ombe 60 alibaki na 4, na mwenye 10 akabaki na kamba mkononi. Kisha mwaka 2023 mvua ilikuja kwa hasira, na mafuriko yakawachukua baadhi ya wanyama waliokuwa wamesalia.

Huenda unauliza, mambo haya ya ukame yanahusu nini ukurasa wa ndoa? Yanahusu sana. Katika jamii za wafugaji mwanamume huingia katika ndoa kwa ng'ombe. Hutoa mahari kwa ng'ombe, hulisha watoto kwa maziwa yao, na huheshimiwa barazani kwa ajili yao. Basi ng'ombe wakiisha, anajiuliza usiku akiwa macho: "Mimi sasa ni mume wa namna gani?" Na mke aliye kando yake hujiuliza swali lake, ijapokuwa hasemi.

Leo tujadili swali hilo. Mambo yanapobadilika, je, mtu anayebadilika nayo anavunja ahadi yake, au anaitimiza?

Wako wanaosema, "Mila ni mila. Baba yangu hakuteka maji, nami sitateka." Wasemao hivi wanadhani wazee wetu hawakubadilika kamwe. Lakini hebu tukumbuke historia. Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki ukaangamiza ng'ombe. Inakadiriwa kwamba katika sehemu nyingi, kati ya kila ng'ombe 10, walikufa 9. Wasamburu walipoteza karibu kila kitu. Walifanya nini? Wengine walikwenda kukaa na Warendille, ambao ngamia wao hawakuangamizwa na sotoka. Wengine walijiunga na Wadorobo wakaishi kwa kuwinda na kula asali, kazi ambayo mfugaji mwenye ng'ombe aliidharau. Baadaye walianza upya, mbuzi mmoja mmoja, ndama mmoja mmoja. Hata leo wako watu waitwao Waariaal, ambao ni Warendille na Wasamburu waliochanganyika kwa kuoana, nao hufuga ngamia na ng'ombe pamoja.

Kwa hiyo, msomaji, wewe unayetaja mababu ili usibadilike, ujue kwamba kama wao wangalifikiri hivyo, wewe hungalizaliwa.

Wako pia wanaosema kinyume chake: "Mambo ya zamani yamepitwa na wakati. Tuyatupe yote." Hawa nao wamekosea. Ni nini kilichowaokoa watu wakati wa sotoka, na hata katika ukame huu wa juzi? Mara nyingi ni desturi ile ile ya zamani: kumkopesha ndugu au rafiki mnyama wa kukamua, kumpokea mgeni mwenye njaa, kugawana kidogo kilichopo. Aliyewapa wenzake ng'ombe wakati wa neema alikuwa na mlango wa kubisha wakati wa shida. Aliyekula peke yake alikwama peke yake. Desturi hiyo ukiitupa, umetupa kamba uliyoshikilia ukiwa kisimani.

Basi kuna mambo ya kubadili na mambo ya kushika. Tutayajuaje? Chukua mfano wa ngamia. Ng'ombe katika nchi kavu anahitaji kunywa kila siku moja, mbili au tatu, tena anakula majani ya chini. Ngamia anaweza kukaa wiki nzima na zaidi bila kunywa, anakula majani ya miti na vichaka, na hutoa maziwa hata wakati ng'ombe wamekauka. Kwa sababu hiyo mwaka 2015 serikali ya kaunti ya Samburu ilianza mpango wa kuzigawia familia ngamia. Lakini ngamia naye ana taabu yake. Bei yake ni kubwa, hubeba mimba kwa muda wa miezi 13 hivi, na mtu aliyezoea ng'ombe hana budi kujifunza kumtunza. Mwanamume wa miaka 50 anajikuta mwanafunzi tena, labda akifundishwa na kijana. Hilo linauma. Hata hivyo, anayejifunza anaendelea kulisha watoto wake. Amebadili mnyama ili asiache wajibu.

Hapo ndipo jibu la swali letu lilipo. Siku ya ndoa hukuahidi kuwa mwenye ng'ombe. Uliahidi kuwa mume wa mwanamke huyu katika raha na katika taabu. Naye hakuahidi kukuheshimu mradi zizi limejaa. Ng'ombe walikuwa njia ya kutimiza ahadi. Njia ikizibwa na maji, msafiri mwenye akili hutafuta kivuko kingine, lakini haisahau safari yake.

Lakini tuwe waangalifu. Si kila mabadiliko ni mema kwa sababu tu yanatuokoa na njaa. Hapa naomba usome polepole, hasa wewe baba.

Wakati wa ukame kuna baba ambaye humtazama binti yake wa miaka 13 na kuanza kuhesabu mahari. Anajiambia, "Ataolewa, sisi tutapata wanyama, naye atapata chakula kwa mumewe." Anaona amepata ufumbuzi. Kweli, mdomo mmoja umepungua nyumbani na wanyama wachache wameingia zizini. Lakini nani amelipa? Amelipa mtoto, kwa shule yake, kwa mwili wake ambao haujakomaa, na kwa miaka yake yote iliyobaki. Wala hakuulizwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inakataza mtu aliye chini ya miaka 18 kuolewa. Hata kama sheria hiyo isingekuwapo, dhamiri ingekataa. Mvua hurudi siku moja na mbuzi huzaa tena, lakini utoto wa binti yako haurudi.

Kwa hiyo kila mara familia inapobadili maisha yake, tuulize maswali matatu. Nani anabeba mzigo? Nani ameulizwa? Na je, mabadiliko haya yanalinda watu, au yanalinda heshima ya mtu mmoja?

Tuyatumie maswali hayo kwa wale wake tuliowaona njiani. Mke aliyezoea kukamua, kupika, kuteka maji na kulea watoto sasa amepewa kazi nyingine ya kutafuta pesa. Kazi za kwanza hazikupungua hata moja. Watu husema, "Familia ile imezoea hali mpya." La, familia haijazoea. Ni mtu mmoja amebebeshwa mizigo miwili, na mwingine amebaki na uchungu wake chini ya mti. Uchungu huo usipopata kazi hutafuta pombe, na pombe ikishalewesha hutafuta mtu wa kupiga.

Wewe mume uliye katika hali hiyo, sikudharau. Kupoteza mifugo ni kama msiba, na mwanamume ana haki ya kulia. Lakini matanga yana mwisho wake. Kuteka maji kwa punda hakukupunguzii uanaume. Kubaki na watoto mkeo akiwa sokoni hakukufanyi mtoto. Wanao watakukumbuka zaidi kwa jerikeni uliyobeba wakati wa shida kuliko kwa ng'ombe waliokufa kabla hawajawajua.

Nawe mke, kuna jambo lako. Pale Isiolo wanawake wengi wamejenga biashara ya maziwa ya ngamia, wakiyakusanya kwa wafugaji na kuyapeleka kwa basi hadi Eastleigh, Nairobi. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini pesa ikiingia mkononi mwako usiitumie kama fimbo. Usimwambie baba watoto mbele ya watoto, "Wewe unakula jasho langu." Yeye alipokuwa na zizi lililojaa, hukupenda akuambie hivyo. Mume naye asichukue pesa ya maziwa kwa nguvu eti ngamia ni wake. Katiba yetu ya mwaka 2010 inasema mume na mke wana haki sawa katika ndoa. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 inahesabu hata kazi za nyumbani na malezi ya watoto kuwa mchango katika mali ya familia. Mali hiyo ni ya jasho la wawili.

Na wewe msomaji wa Nakuru, Kisumu au Nairobi, usidhani habari hii ni ya wafugaji tu. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga hoteli na kampuni, waume wengi walirudi nyumbani bila kazi. Mshahara ulikuwa ndio ng'ombe wao. Katika nyumba nyingine mume alijifunza kupika, mke akauza mboga, nao wakapendana kuliko zamani. Katika nyingine walitengana kabla mwaka haujaisha. Shida ilikuwa ile ile. Tofauti ilikuwa kwamba wale wa kwanza waliketi wakazungumza, na wale wa pili kila mmoja alingoja mwenzake aanze.

Basi nakushauri hivi. Msingoje shida iwafundishe kuzungumza. Jioni moja watoto wakishalala, kaeni chini wawili. Hesabuni pamoja kilichobaki, bila kulaumiana kwa kilichopotea. Andikeni kazi zote za nyumba tangu alfajiri hadi usiku, kisha mtazame ni nani anayezifanya. Kazi moja iliyo ya mke tangu zamani, mume aichukue. Uamuzi mmoja uliokuwa wa mume peke yake, waufanye wote wawili. Anzeni na hayo mawili tu.

Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Kilichomwagika tukiache. Tuangalie mtungi, maana kama haujavunjika, bado unaweza kuteka.

Maswali ya kujadiliana nyumbani:

1. Ni kitu gani ambacho kikipotea kesho, mmoja wetu ataona hana maana tena? Mwenzake atamwambia nini?

2. Katika mabadiliko tuliyoyafanya miaka hii, nani amebeba mzigo mkubwa zaidi? Tumewahi kumshukuru?

3. Ni desturi gani ya wazazi wetu ambayo tukiiacha tutaijutia?