Neno la Muuzaji Anayeondoka

Kuanzia Oktoba, baridi inapopungua New Zealand, vijana wengi kutoka Ujerumani, Ufaransa na Uingereza hutua Auckland wakiwa na viza ya kutembea huku wakifanya kazi. Nchi ni ndefu, mabasi hayafiki kila mahali, na kukodi gari kwa miezi kadhaa ni ghali. Basi hununua gari lililotumika, mara nyingi Toyota Estima au Nissan Serena lililong'olewa viti vya nyuma na kutandikwa godoro. Huzunguka nalo visiwa vyote viwili, hulala humo, kisha huliuza kabla ya kupanda ndege. Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam angeyatambua magari hayo mara moja: ni yale yale ya usukani wa kulia kutoka Japani, ila yalipanda meli nyingine.

Kinachonishughulisha mimi ni siku ya kuuza.

Kuhamisha umiliki huko ni kazi nyepesi, hufanyika mtandaoni. Gari linatakiwa liwe na cheti cha ukaguzi wa usalama, WOF kwa kifupi, ambacho hakijazidi mwezi mmoja siku ya kukabidhiwa, isipokuwa mnunuzi akubali kwa maandishi kulichukua lilivyo. Mkaguzi hutazama breki, matairi, taa, mikanda ya viti na kutu kwenye bodi. Injini haimhusu, wala giaboksi. Gari linaweza kupata cheti asubuhi, likachemsha jioni mlimani, na mkaguzi asiwe amekosea lolote. Sheria ya mwaka 1993 inayompa mnunuzi dhamana dhidi ya wafanyabiashara nayo haimfungi mtu binafsi anayeuza gari lake. Akisema uongo anaweza kudaiwa; akinyamaza tu, ni vigumu kumshika. Tena atadaiwaje akiwa ameshafika Hamburg?

Kwa hiyo anayejua kwamba maji ya rejeta hupungua kila baada ya safari ndefu ni mtu mmoja, naye ana tiketi mfukoni. Gari la dizeli nalo lina mtego wake. Kule ushuru wa barabara wa dizeli hununuliwa kwa mafungu ya kilomita 1,000, na kilomita zilizotembewa bila kulipiwa zinaweza kumwangukia mmiliki mpya.

Shida ya muuzaji naielewa. Machi na Aprili, baridi ikikaribia, wengi wanauza kwa pamoja na bei zinaanguka. Siku za viza zinakwisha. Aliyenunua ghali mwezi Novemba anatamani fedha zake zirudi, na pengine naye alifichwa ubovu huo huo. Hapo ndipo wengi hujipa ruhusa: nilichotendewa, nakipitisha mbele. Hoja hiyo naikataa kabisa. Aliyekudhulumu ameshaondoka, na huyu aliyesimama mbele yako akihesabu noti hajakukosea kitu. Ni mgeni, hana fundi anayemjua wala ndugu wa kumpigia simu gari likimzimikia kando ya barabara ya milimani usiku. Fedha unayopata kwa kumnyamazia ni gharama ya matengenezo uliyomtwisha yeye.

Katika fiqhi ya Kiislamu ya biashara, mnunuzi akigundua kasoro iliyokuwamo kabla ya mauzo, ana hiari ya kurudisha mali. Naiheshimu sana kanuni hiyo, kwa sababu inakubali kwamba jicho la mnunuzi lina mpaka. Lakini hiari ya kurudisha inahitaji muuzaji anayepatikana. Anayeondoka nchini ameifuta kwa safari yake, hata kama hakukusudia. Ndiyo maana naona wajibu wake wa kusema mapema ni mzito kuliko wa jirani anayemuuzia jirani, ambaye kesho watakutana tena dukani.

Kama ni wewe unayeuza, huko ugenini au hapa kwetu, usingoje kuulizwa. Andika kasoro zote unazozijua kwenye karatasi, umpe mnunuzi pamoja na risiti za matengenezo, na umwachie nafasi ya kulipeleka gari kwa fundi atakayemchagua mwenyewe. Bei itashuka. Ishushe.