Mkaguzi Alishwe na Nani?

Anunuaye dagaa mwaloni Kibirizi hapendi kipimo kishikwe na mwuzaji peke yake. Si kwamba kila mwuzaji ni mwizi, la. Ila jicho la mtu huona upesi ile faida iliyo yake. Kama ndivyo katika debe la dagaa, je, katika mambo ya Serikali? Serikali hutoa amri na kutumia fedha. Kisha yapasa mtu aulize kama jambo lile limeleta faida iliyotazamiwa. Mwulizaji huyo achaguliwe na nani, tena alishwe na nani?

Mfano uko mlangoni petu. Tangu 15 Mei hata 15 Agosti 2024 uvuvi ulisimamishwa katika Ziwa Tanganyika, samaki wapate kuzaliana. Mvuvi wa Ujiji alitundika nyavu zake, na mama aanikaye dagaa alikosa cha kuanika. Waliobeba mzigo huo wana haki ya kuambiwa kweli kama samaki wameongezeka. Wataalamu wa samaki tunao hapa Kigoma, na elimu yao twaiheshimu; lakini nao ni watumishi wa Serikali ileile iliyofunga ziwa. Hatusemi hivi kwa kuwashuku. Ni vigumu mtu kumwambia amlishaye, "Hapa ulikosa."

Wengine husema, Basi na watafutwe watu wa nje. Ni neno jema, lakini watu hao watakula nini? Kuchunguza samaki kwataka mashua, mafuta, na miezi mingi ziwani. Asiyelipwa na Serikali atalipwa na mfadhili, na mfadhili naye ana makusudi yake. Mkaguzi asiye na wa kumlisha hayuko duniani. Basi kazi yetu ni kumwekea ulinzi, ili mkono umlishao usimzibe kinywa.

Katiba ya 1977 yaonyesha njia. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huteuliwa na Rais. Lakini katika kazi yake halazimiki kufuata amri ya mtu. Mshahara wake hutoka katika Mfuko Mkuu wa Hazina, wala haupunguzwi. Tena hawezi kupewa kazi nyingine ya Serikali baadaye, asije akawapendeza wakubwa leo kwa kutazamia cheo cha kesho.

Hata hivyo maandiko hayajilindi yenyewe. Mwaka 2019 Profesa Mussa Assad aliondolewa katika kazi hiyo. Na mwaka 2022, katika shauri lililofunguliwa na Zitto Kabwe, mwana wa Kigoma, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kuondolewa kule kulivunja Katiba. Tena mkuu mmoja hatoshi. Watumishi wake wataka nauli, posho na magari, na fedha hizo huamuliwa katika bajeti ya kila mwaka. Mshahara wa mkuu waweza kuwa salama, na huku kazi yake ikafa kwa njaa.

Basi tusinung'unike tusikiapo kwamba ukaguzi una gharama. Kosa lisilokaguliwa lina gharama kubwa zaidi, ila hulipwa polepole, na wasiojua. Tena tujitazame sisi wenyewe. Katika vyama vyetu vya ushirika, mara ngapi tumemweka ndugu wa mtunza fedha akague daftari, kwa sababu yeye hatudai kitu? Ukaguzi wa bure namna hiyo tumeulipia mara nyingi.