Je, Ni Halali Kuficha Hatari Ndogo?

Tuseme mchanjaji amefika Karuba. Ajua ya kuwa dawa yake ni njema, lakini mara chache sana yaweza kudhuru. Je, anyamaze ili watu wasikimbie?

Kwanza tulijue jambo lenyewe. Mwaka 2021, watu wa nchi nyingi walipokuwa wakichanjwa kwa ajili ya Covid, waganga waliona ya kuwa chanjo za Pfizer na Moderna, zilizofika Kongo pia, ziliwaletea wachache uvimbe wa msuli wa moyo. Waliopatwa zaidi ni vijana wanaume, hasa baada ya sindano ya pili, kwa kawaida kabla ya juma kwisha. Hata miongoni mwao, ni mmoja tu katika maelfu mengi, na walio wengi walipona. Chanjo ya zamani ya ndui nayo iliweza kuleta dhara hilo. Ile iliyoanza kutolewa Goma mwezi wa Oktoba 2024 kwa ajili ya mpox ni nyingine, kwani virusi vyake haviwezi kuzaana mwilini mwa mtu.

Mwenye kutetea kunyamaza ana neno zito, tusimdharau. Atasema: "Surua ya 2018 hadi 2020 iliua Kongo watu zaidi ya 7,000, wengi wao watoto wadogo. Mama akisikia habari za moyo, atamficha mtoto, wala hatamleta hata kwa chanjo ya surua." Ni kweli, hofu nayo huua.

Walakini tumtazame kijana aliyechanjwa bila kuambiwa kitu. Siku ya tatu kifua chamwuma, pumzi yamwishia akipanda kilima na gunia la viazi. Atadhani amerogwa, au ni uchovu tu. Ataendelea kubeba, hali moyo wake wahitaji kupumzika. Aliyemficha neno moja amemnyang'anya nafasi ya kutibiwa mapema. Tena mwili ule ni wake kijana, si wa mchanjaji. Nasi wafugaji twamwitaje mtu auzaye ng'ombe apigaye teke, asimwambie mnunuzi?

Lakini asemaye kweli aseme yote. Covid yenyewe huumiza moyo mara nyingi kuliko chanjo zake. Apigaye kelele juu ya sindano na kunyamaza juu ya ugonjwa, naye aficha. Na kwangu mimi kosa lake ni kubwa zaidi, maana wagonjwa wakizidi, si yeye atakayewauguza.

Basi mchanjaji yule wa Karuba na aseme wazi, mbele ya wazazi: "Mwanangu, mkono utauma, pengine utapata homa, nayo itapita. Lakini kifua kikikuuma, au ukikosa pumzi, au moyo ukienda mbio katika siku hizi za kwanza, tua mzigo, uje kituo cha afya siku ile ile, hata kama ni usiku."