Mgeni na Mashine ya Figo

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa Rujewa methali hiyo haihitaji mfafanuzi. Wasangu waliwapokea Wabaluchi wa biashara, wakaja Wahehe, Wabena na Wanyakyusa, kisha Wasukuma na ng'ombe wao. Shamba la mpunga la Mbarali, lililojengwa kwa msaada wa China miaka ya 1970, likavuta vibarua wa kila kabila. Wote walipewa jembe, nao wakalishika. Je, aliyeshika jembe ana haki gani siku figo zake zinapokoma kufanya kazi?

Figo zikifa, mgonjwa huunganishwa na mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, muda wa saa nne hivi kila mara. Wengi hudhani adui ni figo tu, kumbe anayebeba mzigo ni moyo. Maji yasiyotoka kwa mkojo hurundikana tangu safari moja hata nyingine. Shinikizo la damu hupanda, kuta za moyo hunenepa, mapafu hujaa maji. Madini ya potasiamu yakizidi, mapigo ya moyo huvurugika, na moyo waweza kusimama ghafla. Kwa hiyo kumchelewesha mgonjwa wa figo ni kuuchezea moyo wake.

Wamarekani walilikabili swali hili mapema. Mwaka 1962, mjini Seattle, mashine zilikuwa chache mno, ikaundwa kamati ya watu saba kuamua nani aunganishwe. Moja ya masharti yao ni kwamba mgonjwa awe mkazi wa jimbo lao la Washington. Mwaka 1972 ikapitishwa sheria ya taifa ya kuwalipia karibu raia wote wenye ugonjwa huo. Waliobaki nje ni wahamiaji wasio na vibali, wengi wao wasemao Kihispania, watu wa Meksiko na Amerika ya Kati, wanaovuna matunda na kujenga nyumba za wengine. Katika majimbo mengi hao walipata mashine kwa mlango wa dharura tu. Mtu afike anahema, au potasiamu imepanda kiasi cha kutisha. Akionekana ana nafuu, arudi nyumbani akangoje kuzidiwa. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 uliwalinganisha wagonjwa wa namna hiyo wa Denver na Houston na wenzao wa San Francisco waliotibiwa kwa ratiba. Baada ya miaka mitano, hatari ya kufa kwa wale wa dharura ilikuwa kama mara 14. Tena siku zao za kulazwa zilikuwa nyingi zaidi, hivyo hata mwenye kubana matumizi hakupata faida. Mwaka 2019 jimbo la Colorado likabadili utaratibu wake.

Tusiwacheke. Sisi hatumwulizi mgonjwa karatasi, tunamwuliza mfuko. Kutoka hapa hadi Mbeya mjini, kwenye hospitali ya rufaa, ni zaidi ya kilomita 100. Asiye na bima huuza mpunga, kisha ng'ombe, kisha shamba, halafu safari tatu za wiki huwa mbili, mbili huwa moja. Hakuna aliyetunga sheria hiyo, lakini moyo wake hauoni tofauti.

Barazani husemwa: mashine ni chache, wenyeji kwanza. Sipuuzi hoja hiyo. Nchi maskini ikisema haina uwezo, yaweza kuwa inasema kweli, na fedha ya mgonjwa mmoja wa figo ingewatibu watoto wengi wa malaria. Nisichokubali ni kupanga foleni kwa asili ya mtu baada ya kula jasho lake. Wala nusu ya tiba isiitwe huruma, maana humrudisha mtu ukingoni kila wiki.

Mwaka 2023 Bunge letu lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Ningependa kujua kibarua aliyetoka mbali, anayepanga chumba Ubaruku msimu wa kupanda na kuhama baada ya mavuno, ataandikishwa katika kijiji gani, na nani atamlipia mchango wake miezi ambayo hana kazi.