Majirani, Mlikuwa Wapi?

Ndugu msomaji, njoo kwanza tuketi na wanaume walio barazani mwa duka la Joe Clarke. Ni Jumamosi ya mwezi wa Julai, katika kijiji cha watu weusi huko Florida, Marekani, na jua linawaka. Wanatafuna miwa. Delia anapita na mkokoteni unaovutwa na farasi mdogo, anapeleka nguo za Wazungu alizozifua kwa mikono yake. Wanamsindikiza kwa macho, kisha wanaanza kumzungumza. Wanakumbuka uzuri wake enzi za usichana. Wanasimulia jinsi mumewe, Sykes, anavyompiga, na jinsi anavyotembea na hawara mchana kweupe. Wanakubaliana kwamba mtu kama huyo anastahili kutiwa adabu. Wote wanaitikia. Halafu joto linawazidi, hamu ya tikiti maji inawashika. Sykes mwenyewe anatokea na hawara wake mkononi, na barazani hakuna anayefungua mdomo. Wawili hao wakishaondoka, tikiti linapasuliwa, wanakula.

Hayo aliyaandika Zora Neale Hurston katika hadithi fupi iitwayo "Sweat", iliyotoka mwaka 1926 katika Fire!!, jarida la vijana weusi wa Harlem lililochapishwa mara moja tu likafa. Hadithi inakwenda mbele hadi kwa nyoka mwenye sumu ambaye Sykes anamleta nyumbani kumtisha mkewe, ili amng'oe katika nyumba iliyolipiwa kwa jasho la huyo huyo Delia. Na mwishowe nyoka anamgeukia aliyemleta. Lakini mimi nataka tubaki pale barazani. Wanaume wale hawakuwa watu wabaya. Walijua kila kitu. Walichukia dhuluma. Walisema maneno ya haki. Kisha wakala tikiti, na Delia akaenda zake peke yake.

Nawahubirieni habari za baraza hilo kwa sababu sisi ndio tulioketi juu yake.

Nimewasoma wanawake waliotutangulia katika kuandika hadithi fupi, wa kwao Marekani na wa kwetu Afrika, na kila nikifungua kurasa zao nakutana na swali moja. Ukatili wa mume au wa mkubwa wa kazi wanauonyesha wazi, wala hawamtetei. Ila wakishamwonyesha, wanageuza uso na kuwatazama watu wa pembeni, waliosikia na kuona, na kuwauliza: majirani, mlikuwa wapi?

Msikilizeni Susan Glaspell. Alikuwa mwandishi wa gazeti huko Iowa pale mkulima mmoja, John Hossack, alipouawa kwa shoka kitandani mwake mwezi Desemba 1900, na mkewe Margaret akashtakiwa. Glaspell aliiripoti kesi hiyo, akaibeba moyoni miaka mingi, kisha mwaka 1916 akaitolea tamthilia na mwaka 1917 hadithi fupi, "A Jury of Her Peers". Kumbukeni kwamba miaka hiyo wanawake wa Iowa hawakuruhusiwa kuwa miongoni mwa raia wanaoamua kesi mahakamani. Katika hadithi, wanaume wa serikali wanaingia katika nyumba ya marehemu kutafuta sababu ya mauaji. Jikoni wanapita tu. Wanaona mitungi ya matunda iliyopasuka kwa baridi, wanacheka kwamba wanawake huhangaikia vitu vidogo, wanapanda chumbani, wanatoka kwenda ghalani, na hawapati kitu.

Wanawake wawili walioachwa jikoni ndio wanaoona. Wanaona meza iliyofutwa nusu na nusu ikaachwa. Wanaona blanketi la viraka, mshono ukiwa safi kote isipokuwa kipande kimoja kilichoshonwa ovyo ovyo, na wanajua kwamba siku ile mkono wa mshonaji haukutulia. Wanaona tundu la ndege ambalo mlango wake umevunjwa. Na ndani ya kisanduku cha kushonea, katika kitambaa cha hariri, wanamkuta ndege aliyekuwa akiimba katika nyumba ile, amenyongwa shingo.

Sasa tega sikio, maana hapa ndipo mahubiri yalipo. Mmoja wao, Martha Hale, ni jirani. Zaidi ya mwaka mzima hakuvuka kizingiti cha nyumba ile. Kwa nini? Kwa sababu haikuwa nyumba ya furaha. Anatambua, akiwa amesimama katika jiko lile la baridi, kwamba sababu iliyomfanya asiende ndiyo hasa iliyompasa kwenda. Anatamka wazi kwamba huko kutokwenda nako ni kosa, tena kosa lisilo na hakimu wa kuliadhibu. Ndugu yangu, ni nyumba ngapi tumeacha kuzitembelea kwa sababu ukitoka humo moyo hulemewa?

Tuje kwetu. Grace Ogot alizaliwa Asembo, Nyanza, mwaka 1930. Alikuwa muuguzi na mkunga kabla hajajulikana kwa kalamu yake. Mwaka 1963 jarida la Black Orpheus la Nigeria lilichapisha hadithi yake ambayo wengi tumeijua baadaye kwa jina la "The Rain Came". Ukame umeshika nchi, na mganga wa mvua amesema Oganda, binti pekee wa chifu Labong'o, atolewe kwa zimwi la ziwani. Mwandishi hakuficha kilichofuata kijijini: watu walifurahi. Walimfungia vyakula vya safari, wakamfanyia sherehe, wakamwimbia. Wote waliitaka mvua, na bei yake ilikuwa inalipwa na mtoto wa mwenzao. Ni kijana mmoja tu, Osinda, aliyemfuata njiani akamwokoa. Nao walipokuwa wakitoroka, mvua ikanyesha! Ikanyesha na msichana akiwa hai. Enyi wazazi mnaoketi kupanga mahari ya mtoto ili deni lilipwe, enyi wajomba mnaomaliza kesi ya ubakaji kwa mbuzi wawili ili ukoo usiaibike, isomeni hadithi hiyo mkiwa mmekaa chini.

Mwaka 1968 Ogot alitoa mkusanyo wa Land Without Thunder, na humo mna hadithi ya Elizabeth. Ni msichana aliyesoma, mhazili hodari, anayeacha kazi baada ya kazi kwa sababu wakubwa wake wanautaka mwili wake. Anapompata mkubwa mtu mzima mwenye sura ya baba, huyo ndiye anayemnajisi, na Elizabeth anaishia kujitoa uhai. Imeandikwa zaidi ya miaka 50 iliyopita. Mwambie binti yako anayetafuta kazi mjini aisome, kisha umuulize kama kuna kilichobadilika. Usimkatize anapojibu.

Najua wapo watakaosema: mhubiri, kwa nini utupe hadithi za dunia badala ya neno la wokovu? Ogot mwenyewe aliambiwa hivyo. Alisimulia kwamba alipopeleka hadithi zake kwa East African Literature Bureau, walishindwa kuelewa jinsi mwanamke Mkristo angeweza kuandika habari za kafara na waganga badala ya habari za wokovu. Nami nawajibu kwa Injili ya Luka. Mwanasheria alipomwuliza Yesu jirani yake ni nani, hakupewa kifungu cha sheria. Alipewa hadithi fupi. Ndani yake mna majambazi na damu, na mna watu wa dini waliomwona majeruhi wakavuka upande wa pili wa barabara. Kama Bwana hakuona haya kufundisha kwa hadithi, sisi tunaona haya ya nini?

Na Bessie Head yeye alitupa hadithi yenye mtu kama Msamaria mwema wa mfano huo wa Luka. Alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1937, akaondoka mwaka 1964 kwa kibali kisichomruhusu kurudi, akaishi Serowe, Botswana, hadi alipofariki mwaka 1986 akiwa na miaka 48. Katika "The Collector of Treasures", hadithi iliyokipa jina kitabu chake cha mwaka 1977, Dikeledi ametelekezwa na mumewe, Garesego, na watoto watatu. Anafuma, anashona, anaezeka nyumba za watu, na nyumba aliyoiezeka yeye haivuji. Kwa miaka mingi haombi kitu. Siku mtoto mkubwa anapohitaji karo ya sekondari na yeye hana ya kutosha, anamwendea baba wa mtoto huyo. Naye baba anataka kwanza arudi kitandani kwake. Dikeledi anamwua. Gerezani anawakuta wanawake wengine wenye kosa kama lake.

Msinielewe vibaya. Damu ni damu, na hakuna mhubiri wa kuihalalisha. Ndiyo maana nalia: wasomeni wanawake hawa ili tufike kabla ya kisu. Tazameni jirani wa Dikeledi, Paul Thebolo. Kabla ya msiba, yeye na mkewe Kenalepe walishirikiana na Dikeledi. Nyumba ya Dikeledi haikukosa chakula. Baada ya msiba, hakuanza kutafuta maneno ya kumlaumu. Aliahidi kuwachukua watoto wote watatu, awalee na kuwasomesha. Mtu kama huyo yuko upande wa pili wa ua wako? Au mtu huyo angekuwa wewe?

Tumejificha mno nyuma ya methali. Tunasema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Ni kweli, kwa ndugu wanaogombana. Lakini pale mmoja anapopiga na mwingine anapigwa, huo si ugomvi, na jembe lako ni kisingizio.

Basi nawasihi. Enyi vikundi vya akina mama, jumuiya, vyama vya vijana: chagueni hadithi moja kila mwezi. Hadithi fupi husomwa kikao kimoja ikaisha. Mwenye sauti awasomee wengine. Mkimaliza, ulizeni swali moja: ni nani katika hadithi hii alijua akanyamaza? Kisha ulizeni la pili: na sisi tunajua nini? Enyi watafsiri, zipeni hadithi hizi Kiswahili kizuri, ili bibi asiyesoma Kiingereza naye atoe hukumu yake. Enyi wanaume, someni kabla hamjaambiwa ni vitabu vya wanawake. Mlioko barazani ni nyinyi.

Wala msiruhusu waliotuandikia wasahauliwe. Hurston alifariki mwaka 1960 huko Fort Pierce, Florida, akazikwa katika kaburi lisilo na jiwe, na vitabu vyake havikuwa vikichapishwa. Ilipita miaka 13 kabla ya mwandishi mwingine mwanamke, Alice Walker, kwenda kulitafuta kaburi lile katikati ya magugu na kuliwekea jiwe. Huo nao ni ujirani.

Nawe dada ambaye umeyaona na hujayasema, chukua daftari uandike. Usingoje Kiswahili chako kisifiwe. Ogot aliandika baada ya kuhudumia wagonjwa. Head aliandika akiwa mkimbizi asiye na pasipoti. Andika kama walivyoandika wao, kwa jina la aliyenyamazishwa.

Na sisi wengine, tukishasoma, tuinuke. Kuna nyumba unayoijua. Umesikia kelele usiku, ukaona uso uliovimba asubuhi, ukasalimia ukapita. Nenda ukabishe hodi. Nenda na chai, nenda na unga, nenda na masikio yaliyo tayari. Ikiwa kuna hatari, kuna dawati la jinsia katika kituo cha polisi, na nchini Kenya namba 1195 hupigwa bila malipo. Swali ulilosoma leo utaulizwa nawe pia. Nenda, ili siku hiyo uwe na jibu.